Mbuzi Dukani kwa Chui

Tangu Jumamosi iliyopita simu yangu haijapumzika. Wasomaji wa Kamalondo wananibembeleza, wa Ruashi wananitukana, na mama mmoja ameapa kwamba nikimwacha Lydie aporwe piano yake, hatalinunua tena gazeti hili hata la kufungia karanga. Mama, nimekusikia. Shusha pumzi, twende.

Kwa waliokosa toleo lililopita, mambo ni haya. Lydie na mumewe Caleb wanaishi katika chumba kimoja nyumbani kwa mama yake Caleb, mama Christiane, mjane mwenye moyo mweupe na mikono isiyotulia. Mama Christiane huingia chumbani bila hodi. Hufunua sufuria ya mkwewe, huonja, huongeza chumvi, kisha husema kwa upendo mtupu, "Sasa njo inakuwa muzuri." Tangu wafunge ndoa, Lydie hajawahi kugombana na mumewe kwa sauti ya kawaida. Hunong'ona mpaka hasira inamkauka kooni.

Sasa imepatikana nyumba Katuba, vyumba viwili, uwanja wa kuanikia nguo. Mwenye nyumba, mama Madeleine, anataka garantie, yaani pesa ya kutangulia, leo hii kabla jua halijazama. Akiikosa, kuna mpangaji mwingine amekwisha kuvaa viatu. Na katika mali yote ya Lydie na Caleb, kitu cha maana ni kimoja tu: piano ya Caleb, ile ya umeme inayobebwa begani, anayoipiga kanisani na kwenye harusi.

Iuzwe au iwekwe gage, yaani rehani? Caleb alisema iuzwe. Lydie alinyamaza, na leo alasiri, bila kumwambia mtu, aliibeba piano mpaka dukani kwa papa Mwape, mzee anayepokea televisheni na redio za watu, akawakopesha pesa, na kuwarudishia vitu vyao siku wanapolipa. Tulipoachia, Mwape alikuwa amemuuliza kabila na ukoo, kama wazee wanavyouliza. Lydie akajibu kwa adabu, "Niko mwina Mbushi, papa." Yaani wa ukoo wa Mbuzi.

Na hapo papa Mwape akaruka kaunta kama kijana, akaikumbatia piano kwa mikono miwili na kupiga ukelele:

"Aksanti Mungu! Nyama imejileta yenyewe!"

"Nyama gani tena, papa?" Lydie aliuliza, ingawa moyo wake ulikwisha kujua.

"Miye niko mwina Ngo!"

Chui!

Kwa watu wa upande wa mama yake, Chui na Mbuzi ni watani wa tangu na tangu. Wanaitana banungwe, na utani wenyewe ni bunungwe. Wanazikana, wanatukanana mbele ya maiti, na mmoja akikikamata kitu cha mwenzake, kitu hicho kimekwenda na hakuna wa kumshitakia. Mtani hakasiriki. Akikasirika, analipa kuku na anachekwa juu yake. Ndiyo maana kila mtoto wa nyumba hizo hufundishwa jambo moja kabla ya kujua kuhesabu: muulize mwenzako ukoo wake kwanza, ndipo useme wako. Lydie alifundishwa. Lakini haraka ya nyumba ilikuwa imemfunga macho.

"Bankambo ya mama yangu balikulaka bankambo ya mama yako," Mwape alisema, akiwataja mababu huku akiipapasa piano. "Leo miye ninakula piano. Njo bunungwe, madame. Unakasirika?"

Lydie akacheka. Kilikuwa kicheko cha kulazimisha, lakini kuku wa kulipa hakuwa naye.

Kwenye benchi ukutani walikuwa wateja wawili wakingoja zamu yao: mwanaume mnene aliyepakata magotini micro-ondes, jiko dogo la umeme la kupashia chakula, na mama mmoja aliyeshika feni. Waliacha kungoja. Walikuwa wamekuja kukopa, sasa wamepata na tamasha.

"Weye, Ngo?" Lydie alisema, mikono kiunoni. "Ngo iko mu pori. Weye uko paka ya ku soko, unachungaka ndagala ya ba mama."

Benchi likaangua kicheko.

"Paka iko na piano," Mwape akajibu. "Mbushi iko na nini? Ndevu."

"Papa, fikiri muzuri. Bila Mbushi, Ngo angekufa na njaa, si vile?"

"Ni vile."

"Sasa muntu mwenye kukulisha tangu zamani, unamuitaka nani?"

Mwape aliuona mtego, lakini mguu ulikwisha kuingia.

"Unamuitaka mama," Lydie akamsaidia. "Basi, salimia mama yako."

Mwenye micro-ondes nusura aiangushe. Mama wa feni alipiga makofi. Papa Mwape mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Lakini mkono wa pili, wasomaji wangu, haukuiachia piano. Utani ni utani na mali ni mali.

Lydie alitupa jicho nje. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kinarefuka barabarani. Akasema moyoni, Lydie, umeibeba piano ya watu kwa siri, sasa utarudi nyumbani na begi tupu utamwambia nini Caleb? Na hapo hapo, katika neno hilo la "piano ya watu", akaona mlango.

"Papa Mwape, nikuulize kintu. Bunungwe inakamataka kintu ya nani?"

"Ya munungwe."

"Na ile piano iko ya nani?"

"Yako. Umeileta na bega yako."

"Nimeileta, mais haina yangu. Iko ya bwana yangu. Na bwana yangu ni Muluba. Baba yake alitoka Kabalo na train, akatumika mu chemin de fer mpaka akakufa. Ule haina Ngo, haina Mbushi, haina munungwe yako hata kidogo." Lydie akawageukia mashahidi wake wa benchini. "Kwa siye, bwana anaingiaka mu ukoo ya bibi?"

"Jamais! Hata siku moja!" mama wa feni akajibu.

"Na kintu yake inaingiaka?"

"Hata kijiko!"

"Basi papa Mwape amenyanganya Muluba wa watu piano yake, mchana, mbele yetu. Ile haina bunungwe. Ile iko na jina ingine."

Jina hilo kila mtu alilijua, na mama wa feni hakuona sababu ya kulimeza.

"Bwizi!"

Papa Mwape aliiweka piano juu ya kaunta taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kikamchoma. Watu wa mjini humwita mkopeshaji majina mengi na yeye huyacheka yote. Lakini mzee wa ukoo kukosea utani, akamkamata asiye mtani, hiyo ni aibu ya kusimuliwa kwenye matanga mpaka wajukuu.

"Nimeteleza," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukiteleza hivi, kuna amende," alisema mwenye micro-ondes, yaani faini. "Weye mwenyewe unajua, papa."

"Amende yangu iko nyepesi," Lydie akawahi. "Utupe gage bila intérêt. Tunarudisha kama tulivyokamata, basi."

Alishinda! Ndivyo alivyodhani, na ndivyo mlivyodhani na nyinyi. Lakini mkopeshaji hakujenga duka kwa kushindwa mapema. Mwape alikuna kidevu, na polepole tabasamu likamrudia.

"Mbushi, uko na akili. Mais umejifunga na kamba yako. Kama piano haina yako, namna gani unaweka gage kintu ya muntu? Enda uite mwenyewe."

"Mwenyewe iko hapa."

Sauti ilitoka mlangoni. Lydie hakuhitaji kugeuka. Sauti hiyo aliijua gizani.

Alikuwa Caleb, na nyuma yake alisimama kijana mwenye miwani ya jua na mkoba kwapani. Huyo ni Jephté, mpiga piano wa kanisa moja la uamsho, na mtu pekee katika Lubumbashi nzima aliyewahi kumnyang'anya Caleb kazi ya kupiga harusini. Mnunuzi! Caleb alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi, na pesa ilikuwa mkobani.

Caleb hakufoka. Lydie angependa afoke.

"Nimekutafuta ku soko," alisema. "Nimekutafuta kwa dada yako. Ni mama njo ameniambia alikuona unapita na piano njia ya huku. Lydie, siku gani tulipatana gage?"

"Hatukupatana. Ulisema tuuze, nikanyamaza. Kunyamaza haina kukubali."

"Gage iko haya! Papa yangu alisemaka, kintu yenye kuingia kwa mukopeshaji na mulango, inatokaka na dirisha. Kesho ba choriste banapita hapa, banaona piano yangu kati ya ba pasi ya bantu. Hapana. Tuuze, tulipe mama Madeleine, tuikale kwetu. Njo mambo ya mwanaume."

"Na dimanche ku misa utapiga nini? Makofi?"

"Nitaimba sawa bengine."

Lydie alimtazama. Caleb anaimba vibaya, na parokia nzima inamsamehe kwa sababu ya vidole vyake. Maneno aliyokuwa ameyanong'ona ukutani miezi yote yakamjia mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakuyanong'ona.

"Caleb, nisikie. Ile nyumba ninaitaka. Ninaitaka mpaka ninaota mulango yake mchana, mulango yenye bantu banapiga hodi. Mais sitaki kuingia mule na muntu mwenye hana mikono. Mu semaine nzima unatembea kichwa chini, unasema ndiyo mama, ndiyo papa, ndiyo bwana mukubwa. Dimanche ukigusa ile piano, unakuwa weye. Njo ule muntu nilikubali anioe. Ukiuza piano, nitaikala mu ile nyumba na nani?"

Mama wa feni alijifuta jicho kwa pindo la kikwembe. Hata papa Mwape alijifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Caleb aliona haya, na aliguswa, na alimpenda mkewe siku hiyo kuliko siku ya harusi. Lakini mwanaume akishatoa neno mbele ya mwanaume mwingine, kulirudisha ni kazi.

"Nimemupa Jephté parole," alisema.

"Voilà," Jephté akadakia, akivua miwani na kuugonga mkoba wa pesa. "Maneno ya chumba mutaimaliza ku chumba. Miye niko na makuta. Nijaribu piano?"

Mwape akachomeka waya. Jephté akanyoosha vidole na kuanza.

Niwaambie kweli, japokuwa simpendi: kijana anajua. Piano ililia, ikacheka, ikazunguka duka zima. Mwenye micro-ondes alianza kutikisa bega bila kujua. Lydie aliona kila noti ikimwondolea kitu.

Kisha Jephté akabonyeza kitufe cha upande, na ngoma zikaanza kutoka ndani ya mashine. Si ngoma za kiwandani. Zilikuwa nzito, zenye kupokezana, zenye kungoja kidogo kabla ya kujibu. Hizo Caleb alizitengeneza mwenyewe, pigo kwa pigo, kwa kuwasikiliza wazee wa Kabalo wakiimba misa kwa Kiluba, mpaka mashine ya Wajapani ikajua kungoja kama wao.

"Hii njo nini?" Jephté akacheka. "Ngoma ya matanga? Nitafuta yote, niweke seben, bantu bacheze."

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufutia. Kilikuwa kinatania tu, kinaonyesha. Lakini Caleb alikwisha kuruka, akamshika kifundo cha mkono.

"Usiguse!"

"Vipi, ndugu?"

"Haiuzwe."

"Tulipatana!"

"Tulipatana piano," Caleb alisema, na sauti ilikuwa ile ya Jumapili. "Hatukupatana ba mzee yangu."

"Ku gage utapata nusu!" Jephté alivaa miwani kwa hasira, akabana mkoba kwapani. Mlangoni akageuka na kumnyooshea Mwape kidole. "Papa, siku batashindwa kulipa, uniite wa kwanza. Ninaikala hapa karibu."

"Nitakuita," Mwape akasema bila haya. Biashara ni biashara.

Jephté akaondoka, na pesa yake nayo ikaondoka. Caleb alibaki ameshika ukingo wa kaunta. Alimtazama mkewe, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa na kufurahi.

"Papa Mwape, mwenyewe njo miye, na ninakubali gage. Mais ya kupatana, patana na bibi yangu. Miye nitatutia hasara."

Lydie akavuta kiti.

"Amende iko pale pale," alianza. "Bila intérêt. Na utatupa garantie yote ya mama Madeleine, hata franka moja isipungue."

"Yote?"

"Bwizi mchana, papa. Mbele ya ba témoin."

Mwape aliwatazama mashahidi. Mashahidi walimtazama. "Yote," alikubali, akikuna kichwa. "Mpaka mwisho wa saison sèche. Mvula ikianza, munalipa."

"Na samedi, siku ya harusi, piano inatoka kwenda kupiga. Kama haitumike, tutakulipa na nini?"

"Gage yenye kutembea? Nani aliona? Mukikimbia nayo?"

"Uifwate. Uikale karibu yake."

Mwape alikuwa tayari kukataa, kisha akafikiri. "Ku harusi bantu banakulaka?"

"Banakulaka mpaka banafunga mu sachet."

"Basi, nitaifwata," Chui akasema upesi. Mwenye njaa hana miiko.

"Na dimanche inaenda misa," Lydie akamalizia kwa upole. "Utaifwata vilevile."

Mwenye micro-ondes alishindwa kujizuia. "Ngo ku misa! Padri atatoka na dirisha!"

Papa Mwape kanisa alilijua kwa nje, kwa sababu barabara inapita hapo. Alifungua mdomo akasirike, akakumbuka kuku, akaufunga. Alizunguka kwa macho akitafuta pa kutokea, hakupaona. Mwishowe akacheka yeye mwenyewe, kwa sauti kuliko wote.

"D'accord, Mbushi. Nitakuya. Mais sitaimba."

"Utaimba," Lydie akasema.

Pesa mkononi, mbio! Taxi-moto moja iliwabeba wote wawili, Lydie katikati akimshika dereva na Caleb nyuma akimshika Lydie, na jua lilikuwa limekwisha kuinama upande wa bomba kubwa la moshi la kiwanda. Walipofika Katuba walimkuta mwanaume uwanjani kwa mama Madeleine, akipima dirisha kwa mikono, kama mtu mwenye pazia tayari.

"Mumechelewa," mama Madeleine alisema.

"Mama, angalia jua," Lydie alisema, akihema. "Ulisema lisizame. Liko pale juu ya bati."

Mama Madeleine ni mtu wa haki, hata haki ikimsumbua. Aliweka mkono juu ya macho, akalitazama jua kwa makini.

"Eh. Kweli. Iko pale." Akamgeukia mwenye pazia. "Papa, usamehe. Hawa balitangulia kusema."

Ufunguo! Lydie aliushika kama anashika mtoto wa mtu mwingine, kwa woga. Aliingia. Vyumba viwili, dirisha moja lenye ufa, sementi iliyopasuka kidogo pembeni, harufu ya chokaa. Alizunguka mara moja, kisha akamsukuma mumewe nje.

"Toka."

"Namna gani? Nimekosa nini?"

"Toka inje, nifunge."

Akaufunga mlango. Upande wa pili Caleb alisimama, hajui la kufanya, kisha akaelewa.

Ko, ko, ko. "Hodi!"

Lydie aliegemea ukuta, macho yamejaa maji, akalisikiliza neno hilo. Caleb alipiga tena, safari hii kwa mdundo wa wazee wa Kabalo, na kungoja kwake ndani yake.

"Karibu," Lydie alisema hatimaye.

Lakini furaha ina njia yake ya kukumbusha deni. Ilibaki kazi moja, na hiyo hakuna wa kuifanya kwa niaba yao: kumwambia mama Christiane kwamba wanahama. Njia nzima walisukumiana.

"Ni mama yako, sema weye."

"Ni jiko yako, sema weye."

Waliingia nyumbani kimyakimya, na sebuleni Lydie akasimama ghafla. Katikati ya nyumba palikuwa na sanduku kubwa. Kando yake, masufuria yamefungwa ndani ya kikwembe, fundo kubwa juu.

Amejua! Lydie akarudi nyuma hatua moja. Mama alimwona na piano, amekwisha kuambiwa yote, na sasa anawatupa nje kabla hawajaaga. Akatazama vizuri. Masufuria yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya mama Christiane mwenyewe.

Mama Christiane akatoka chumbani. Alikuwa amesukwa upya, amevaa kikwembe cha sikukuu, na alikuwa anaona haya kama msichana.

"Ikaleni, batoto yangu. Sikupata namna ya kusema. Tangu misa ya Noël ninatafuta mudomo." Akavuta pumzi. "Ninaolewa."

Caleb alikaa. Hapakuwa na kiti, kwa hiyo alikaa juu ya sanduku.

"Na nani, mama?"

"Na papa Adalbert, ule wa kwaya ya ba mzee, mwenye anaimbaka basse. Bibi yake alikufaka zamani. Ba padri banajua, ndugu ya baba yako banajua. Ninyi tu njo mulibakia, juu niliwaogopa."

Kisha akamshika Lydie mikono yote miwili. Mkono mmoja wa Lydie ulikuwa ngumi, na ndani ya ngumi kulikuwa na ufunguo.

"Lydie, mwanangu. Niko na masikio. Munanong'onaka mule chumba, ninasikia. Ninajua munasongamana juu yangu. Nimeambia Adalbert, siye bakubwa tutapata pa kuikala, batoto babakie na hii nyumba. Yote. Bila kulipa kintu. Ufungue mulango, ufunge mulango, iko yako."

Lydie alilia. Alilia kwa furaha, na kwa aibu, na kwa huruma aliyomwonea mwanamke huyu aliyeyasikia yote na kunyamaza. Alimkumbatia kwa nguvu kuliko alivyowahi kumkumbatia. Na juu ya bega la mama mkwe wake, macho yake yakakutana na macho ya Caleb, na wote wawili wakafikiri jambo lile lile. Piano imelala kwa papa Mwape. Garantie imelala kwa mama Madeleine. Na nyumba hii sasa ni yao bure!

"Mama," Caleb alisema, "na ninyi mutaikala wapi?"

"Haina mbali." Mama Christiane alifuta machozi, akatabasamu. "Adalbert amepata mulango moja ya kupanga Katuba, mu uwanja ya mama mumoja muzuri sana, anaitwa Madeleine. Iko milango mbili, zinaangaliana, na robinet moja ya maji katikati. Ule mulango ingine hatujue bado nani atakamata. Ninasali kila siku, Mungu anipe pale jirani mupole, mwenye hafungaka mulango."

Caleb akafungua mdomo. Lydie akamkanyaga mguu kwa kisigino, akaukunjua mkono wake polepole, na kumwonyesha mama mkwe wake ufunguo wa Katuba.

"Mama," alisema, "ule jirani miye ninamujua."